Nipokee, Kaka

Siku ilianza kama siku nyingine. Kondo alikunywa chai ya tangawizi na vitumbua vya mama yake barazani kwao Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, akasubiri ndege ipite juu ya bati ndipo amalizie kumweleza mkewe Nusaiba habari za fundi bomba, kisha akaondoka kwenda kazini Kinondoni. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tatu mwaka 1999. Jua lilikuwa kali, na mvua za masika zilikuwa bado zinajivuta.

Kazi yake ilikuwa kwenye duka la kompyuta la Leodegar, Mhaya mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Mle ndani mlikuwa na kompyuta nne, feni moja, na laini moja ya simu. Watu walikuja kuandikiwa barua za kuomba kazi, au kusomewa barua pepe za ndugu zao walioko Ulaya. Kondo alikuwa mtu wa teleksi kwenye shirika moja la umma kwa miaka kumi na miwili, mpaka shirika lilipouzwa na wao wakapunguzwa. Yeye alipunguzwa, vidole vyake havikupunguzwa. Aliandika huku akitazama barabarani, na hakukosea.

Kila siku saa saba mchana, wateja walipokwenda kula, Leodegar alimwachia laini kwa saa moja. Ndiyo saa aliyokutana na mdogo wake.

Faraji alikuwa Pune, India, mwaka wa tatu chuoni. Wao kwa wao hawakuandikiana barua. Walikutana vitani. Faraji na wenzake walikuwa wametunga mchezo wa maandishi matupu, hauna picha hata moja: ngome, misitu, mapango, na wanyama wa ajabu wa kupigana nao, na yeyote mwenye laini ya simu popote duniani angeweza kuingia. Faraji aliufundisha mchezo Kiswahili. Ukichagua Kiswahili pale langoni, kila kitu ulikisoma kwa lugha ya nyumbani, na amri zake zilikuwa maneno mafupi: piga, kinga, kimbia, pokea.

Mchezo huo haukuwa kama bao, useme mimi nacheza na wewe unafikiri. Kila baada ya sekunde nne mapigo yalipita, uwe umeandika neno au hujaandika. Ukijikuna kichwa, unapigwa. Laini ya simu ikizubaa, unapigwa. Ukipiga pigo zito la shoka, mkono wako unachoka kwa muda, na hata ukiandika amri hausikilizwi mpaka upumue. Adui alimkabili aliyesimama mbele. Aliyesimama nyuma alikuwa na kazi moja kubwa: mwenzake akielemewa, aandike pokea na jina lake. Hapo walibadilishana nafasi, na mapigo yakahamia kwake.

Na laini ikikatika katikati ya vita, mtu wako hakutoweka. Alibaki amesimama palepale, hana mwenyewe, anapigwa.

Faraji alipenda kusimama mbele. Kondo, mwenye vidole, ndiye aliyekuwa mpokeaji. Katika miezi minane hakuwahi kuchelewa.

Alhamisi ile walikuwa kwenye kisima kikavu, hatua mbili tu kutoka langoni. Wamemaliza kumuua fisi wa shaba, wanataniana. Faraji akauliza kama mama bado anamnunia kwa kutokuja Idi. Kondo akawa anaandika jibu. Ndipo mstari mmoja ukapita kwenye kioo.

Ulisema: ameingia.

Ulisema hivyo tu. Mahali pa jina palikuwa patupu, nafasi nyeupe kama jino lililong'oka.

Kisha: anampiga Faraji. Nafasi ile ile mbele yake. Sekunde nne. Anampiga Faraji.

Faraji akaandika, haraka, akikosea herufi, kwamba huyu ni nani, mbona sie hatukumtunga. Akapigwa tena. Nguvu zake zilizokuwa themanini zikawa hamsini. Kondo aliandika piga, mchezo ukajibu kwamba shoka lake halikukuta kitu.

Neno moja likaja.

"Nipokee."

Kidole cha Kondo kilikuwa juu ya herufi ya P. Baadaye alimwapia Nusaiba kwamba kilikuwa pale. Lakini aliitazama ile nafasi tupu, akahisi ubaridi kwenye fizi, na nafasi tupu nayo ikamtazama. Hakujua kusema vingine. Ilimtazama.

Akaandika kimbia.

Mtu wake akatoka mbio hadi langoni. Kwa mbali mchezo ukamwambia: Faraji ameganda. Maana yake mwenyewe hagusi tena kibodi. Kondo akajisemea kwamba laini ya Pune imekatika, hukatikaga. Akazima, akaenda kula.

Kesho yake asubuhi simu ikalia dukani. Alikuwa Suhaib, kijana wa Tanga aliyesoma na Faraji. Alisema Faraji alikutwa jana alasiri kwenye chumba cha kompyuta, amelala kifudifudi juu ya kibodi. Hakuwa mgonjwa. Daktari wa kule aliandika kwamba moyo ulisimama. Suhaib alitaja saa. Ukitoa tofauti ya India na Dar es Salaam, ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

Walimzika kule kule. Kipawa ikasomwa hitima bila jeneza. Bi Mwajabu, mama yao, hakulia kwa sauti. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyewalea wanawe wawili peke yake kwa kuuza vitumbua, na tabia yake ilikuwa kuuliza jambo mara moja tu. Aliuliza mara moja nani alimwosha mwanangu, akajibiwa, ikaisha.

Baada ya arobaini, Kondo aliufungua tena mchezo.

Alijiambia anataka kuaga. Ilikuwa mchana, Leodegar yuko mlangoni anasoma gazeti, barabarani muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake. Kondo akaingia langoni. Akapiga hatua moja. Hakufika kisimani, alisimama pale ambapo kisima kinasikika.

Mistari ikaanza kushuka.

Anampiga Faraji.

Anampiga Faraji.

Mtu aliyeganda hufa ndani ya dakika moja, kanuni zilikuwa hivyo. Kondo akauliza nguvu za Faraji. Mchezo ukajibu: moja. Akapigwa. Akauliza tena. Moja.

Kisha, katikati ya pigo na pigo, neno. Likafuata pigo. Likaja neno jingine. Yalikuja hivyo, moja moja, yakijipenyeza kwenye zile sekunde nne.

Kaka.

Anampiga Faraji.

Umerudi.

Anampiga Faraji.

Kondo aliandika: wewe nani? Barua, alijua, inaweza kukufikia mwandishi akiwa kaburini. Hata kanda ya sauti. Lakini hapa mtu lazima awepo, sekunde ile ile, mkono juu ya kibodi. Akauliza jambo ambalo hakuna mtu wa Pune ambaye angelijua: usiku wa mafuriko, wakiwa wadogo, mama aliwafunga kwa kitu gani ili wasichukuliwe na maji?

Pigo. Pigo. Pigo.

Kamba ya ndoo.

Pigo.

Nipokee.

Kondo akachomoa waya wa simu ukutani. Leodegar aliinua macho kwenye gazeti, akamwona na waya mkononi, akamwambia aende nyumbani akapumzike.

Hakupumzika. Alimwandikia Suhaib, akamwomba awakanye wenzake, kuna mtu anatumia jina la marehemu kufanya mzaha. Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Suhaib aliandika kwa upole kwamba haiwezekani. Siku ya maziko wote walikubaliana kuuzima mchezo kwa heshima ya Faraji. Mashine iliyouendesha ilifutwa kabisa, ikapewa idara nyingine. Hakuna lango, hakuna kisima. Kama kaka unaingia, aliandika, sijui unaingia wapi.

Kondo akaanza kukonda. Usiku alilala vizuri. Mchana ndio uliomshinda. Ikifika saa saba alisimama popote alipo, akahesabu mpaka nne, akaanza tena. Mama yake alimtazama siku saba. Siku ya nane, akiwa anachambua mchele, akauliza mara moja.

Kondo alimweleza. Alimweleza kuhusu kisima, yule asiye na jina, kamba ya ndoo. Hakumweleza kwamba alikimbia. Bi Mwajabu aliendelea kuchambua mchele mpaka ungo ukaisha, kisha akasema anataka kwenda kuona. Kondo akakataa. Akasema ni maandishi tu, mama, si mtu. Mama hakurudia ombi.

Jumamosi iliyofuata, saa sita na nusu mchana, alitokea dukani Kinondoni peke yake, amejifunga khanga mpya na kuvaa viatu vya safari. Leodegar alimwamkia shikamoo, akampisha kiti, akatoka nje kuwaacha wazungumze. Mama akaketi mbele ya kioo.

"Fungua," alisema.

Kondo angeweza kukataa. Alifikiri kwamba labda akiona hakuna kitu, moyo wake utatulia. Alifikiri pia kwamba pengine mama angeliweza lile lililomshinda yeye, na hilo alilikiri kwa mkewe tu. Mikono yake ilipofika pale pa kuandika jina, ilisita. Asingeweza kuingia tena kwa jina lake. Yule asiye na jina alikuwa amemwona akikimbia.

Mama yake aliitazama mikono ile.

"Unaogopa jina lako," alisema. "Andika langu."

Kondo akaandika Mwajabu. Lango likafunguka.

Hatua mbili. Kisima kikavu. Mistari ikashuka, mmoja kila sekunde nne, na Bi Mwajabu, ambaye alijifunza kusoma ukubwani kwenye madarasa ya jioni ya watu wazima, akaisoma kwa sauti ya chini, silabi kwa silabi, kidole kikigusa kioo.

"A-na-m-pi-ga Fa-ra-ji."

Akasoma tena. Mara ya tatu hakusoma. Neno lilikuwa limejipenyeza.

Mama.

Nje, muuza kahawa alikuwa ameondoka. Feni ilizunguka. Bi Mwajabu aliuliza, bila kugeuza uso, mwanawe anasaidiwaje. Na hapo Kondo alishindwa kuzuia. Alimweleza amri ya kupokea. Alimweleza kwamba Alhamisi ile Faraji alimwita, kidole chake kikawa juu ya herufi, na yeye akaandika kimbia. Alisema yote akitazama sakafu.

Mama hakumlaumu. Hakumgusa pia.

"Neno lenyewe linaandikwaje?" aliuliza.

"Mama."

"Nimeuliza linaandikwaje."

Akamwambia. Pokea, halafu jina.

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akasema koo limemkauka, amletee maji.

Duka lenye maji lilikuwa mlango wa tatu kutoka pale. Kondo alilipita. Alikwenda hadi la pili, kule kona ya mtaa, akasubiri mwanamke mmoja apimiwe sukari, akanunua maji, akarudi polepole kivulini. Alimwambia Nusaiba kwamba njia nzima hakuwaza kitu. Nusaiba hakumwamini, na yeye mwenyewe hakujiamini.

Aliporudi, mama alikuwa amekwisha kuandika. Ameweka mikono mapajani. Kwenye kioo palikuwa na mistari minne.

Mwajabu anampokea Faraji.

Faraji yuko huru.

Faraji ameondoka.

Na wa nne, wenye nafasi tupu mbele yake: anampiga Mwajabu.

Bega la kushoto la mama likaruka kidogo. Kama mtu aliyeshtuliwa na mlango.

Kondo akachomoa simu. Akachomoa umeme. Kioo kikafa, na vumbi likaonekana juu yake.

Bega likaruka tena.

"Twende nyumbani," mama alisema. Aliyanywa maji yote.

Tangu hapo halikuacha. Kila sekunde nne. Si kwa nguvu. Mgeni angedhani ni ugonjwa wa uzee. Liliruka akila. Liliruka akiwa kwenye rakaa. Liliruka usingizini, na Nusaiba, aliyelala chumba kimoja naye siku hizo, alianza kuhesabu gizani bila kutaka, na hakuwahi kufika tano.

Hospitali walimpima wakasema presha, wakampa vidonge. Maalimu wa msikiti wao alikuja akasoma, mtu mzima mwenye sauti nzuri, lakini alipofika katikati ya aya alinyamaza. Alimwambia Kondo pembeni kwamba ameshaona watu wenye mashetani, na shetani hutulia kusikia anasomewa nini. Hiki hakitulii. Hakisikilizi.

Majirani walisema husuda. Walisema Bi Mwajabu amechezewa kwa sababu ana mwana wa kompyuta.

Kondo alirudi Kinondoni mara tatu. Alifungua ile kompyuta, akaandika anwani ya mchezo, na mara zote tatu akajibiwa kwamba hakuna mahali kama hapo. Lango lilifunguka kwa jina la mama. Sasa halikufunguka kwa jina la yeyote. Mara ya tatu aliandika amri ya kupokea kwenye kioo kisicho na kitu, mara moja, akaona aibu, akafuta. Akamwomba Leodegar asimruhusu mtu kuitumia mashine ile. Leodegar hakuuliza sababu. Aliizima, akaizungushia kibodi waya wake, akavitia vyote kwenye boksi, akalifunga kwa gundi ya karatasi na kulisukuma juu ya kabati.

Siku ya tisa Bi Mwajabu hakuinuka kitandani. Kondo aliketi pembeni, akimshika bega lile kwa mkono wake, akidhani labda akilikaza litatulia. Lilimrusha mkono.

"Inauma?" aliuliza.

Mama alisubiri pigo lipite, ndipo akajibu. Alikuwa amejifunza kuzungumza katikati.

"Si sana."

Pigo.

"Ila hapumziki."

Pigo. Macho yake yalikuwa kwenye uso wa mwanawe, na hayakuwa na hasira.

"Wewe kaa nyuma," alisema. "Ulivyozoea."

Alifariki mchana ule ule, saa saba na dakika arobaini. Wanawake walioingia kumwosha walitoka mmoja mmoja. Mmoja wao, jirani wa siku nyingi, alimvuta Nusaiba nyuma ya nyumba akamnong'oneza kwamba mwili umepoa, umenyooshwa, macho yamefumbwa, na roho imetoka, hilo hana shaka. Lakini bega la kushoto, alisema. Walilifunga kwa kitambaa ili liweze kutulia kwenye sanda.

Walimzika kabla ya magharibi. Kondo aliingia kaburini kumpokea, kama ilivyo ada, na walioshuka naye walimwona ameinama pale chini muda mrefu kuliko kawaida, kiganja chake juu ya sanda, midomo ikihesabu.

Alikaa miezi miwili bila kwenda kazini. Siku aliyokwenda, alikwenda kuacha kazi tu, na Leodegar akamwomba kabla hajaondoka amsaidie jambo moja, kwani mteja anataka kununua kibodi kuukuu. Akalishusha lile boksi kutoka juu ya kabati. Gundi ya karatasi ilikuwa nzima, imeshika vumbi. Leodegar akaikata kwa wembe, akatoa kibodi, waya wake ungali umezungushwa vilevile alivyouzungusha yeye.

Akaitazama. Akamwita Kondo aitazame.

Vibonyezo karibu vyote vilikuwa na herufi zake nyeusi, safi. Sita tu havikuwa na maandishi tena. Vilikuwa vimelika, vimeng'aa, vimeingia vishimo katikati kama ngazi ya msikiti wa zamani. Leodegar alivitaja kwa kuhesabu jirani zake, akikuna kidevu: P. O. K. E. A. Na huku chini, M.

Akauliza herufi hizo zinafanya neno gani. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

Zilifanya mawili. Pokea mama. Kondo aliyasoma. Aligusa kishimo cha kwanza kwa ncha ya kidole, kilikuwa na kina, tena laini. Mtu alikuwa ameyaandika maneno yale mpaka herufi zikafutika. Wa kumwita mama walikuwa wawili tu, na Kondo alijua kuwa si yeye.